Amekufa hana mtoto, hana ndugu, hana wasia. Nyumba ya Ngamiani ni ya nani?

Kijana wa Chumbageni (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam alaykum, na habari za jioni wakuu.

Ukoo umenitwisha mzigo, na kabla sijauinua vizuri nataka niutue hapa kwanza, maana najua humu wapo waliokwisha kuubeba. Majina sitataja.

Mzee wetu alifariki mwezi wa Rajabu hapa Tanga. Mkewe alimtangulia mwaka 2009. Hawakujaaliwa mtoto. Wazazi wake hawapo siku nyingi. Alikuwa na dada mmoja tu, wa baba mmoja mama mmoja, naye alitangulia, akaacha watoto wawili: mwanamke aliye hapa Tanga na mdogo wake wa kiume aliye Dar.

Sisi wengine tunaunganika naye hivi: babu yangu na baba yake Mzee walikuwa ndugu. Kwa hiyo marehemu baba yangu na Mzee ni watoto wa ndugu wawili. Watoto wa kiume wa babu yangu waliobaki hai ni wawili, baba mkubwa yuko hapa mjini, na ami yetu mwingine ametulia Mombasa tangu ujana wake.

Mali aliyoacha: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita Ngamiani, minne ina wapangaji. Shamba la michungwa Muheza, ekari nne. Pesa kidogo benki na nyingine kwenye simu. Wasia ulioandikwa hakuna, tumepekua hadi chini ya godoro.

Kikao cha ukoo kilikaa siku ya arobaini baada ya hitima. Baba mkubwa akanitaja mimi niwe msimamizi, akasema, "Huyu kijana hana chake humu, hatapendelea." Nikakubali. Sikujua nakubali nini.

Sasa yanayonisumbua.

La kwanza ni dada yetu, huyo mtoto wa dada yake Mzee. Mzee alipigwa na kiharusi, akalala miaka sita. Miaka sita, wakuu. Dada ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, ndiye aliyemgeuza usiku asitoke vidonda mgongoni, ndiye aliyemwogesha pamoja na kijana wa kumsaidia kunyanyua. Mume wake alichoka, wakaachana. Kwenye kikao mtu mmoja akasema wazi kwamba dada "ni mtoto wa kikeni", hana fungu. Hakujibu neno. Aliinuka akaenda uwani kuangalia chungu cha wali.

La pili, bibi yetu mmoja, ndiye peke yake aliyebaki wa rika lile, anakaribia miaka tisini, alisema jambo lililowanyamazisha wote. Alisema babu yangu na baba yake Mzee walinyonya ziwa moja, hilo analijua, mama yao alikuwa mwanamke wa Pangani. Lakini huyo mama aliolewa mara mbili, na yeye hajui kila mtoto alikuwa wa mume yupi.

La tatu, mke wa Mzee alikuja kwenye ndoa ile na mtoto wa kiume. Mzee alimlea tangu ananyonya. Yupo, ni mtu mzima, fundi seremala. Siku ya kikao alikaa kibarazani akihudumia chai, hakuna aliyemwita ndani.

Nifanye nini, na nianzie wapi?

Karani Mstaafu

Wa alaykum salaam. Pole kwa msiba.

Anza na makaratasi, mengine yatafuata. Kata cheti cha kifo RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Muhtasari wa kikao cha ukoo uwe na majina na saini za wote waliohudhuria, na usiandike tu "tumemteua fulani", andikeni na jinsi kila mmoja anavyohusiana na marehemu. Barua ya serikali ya mtaa alikoishi. Kisha mahakama ya mwanzo: utajaza Fomu Na. 1 ya maombi, itatoka Fomu Na. 2 ya tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na ukiteuliwa utapewa Fomu Na. 4. Hiyo ndiyo barua ya usimamizi. Bila hiyo hakuna benki wala kampuni ya simu itakayokupa hata shilingi, na ukichukua pesa kwa kutumia namba ya siri ya marehemu umejitia matatani mwenyewe.

Ukishateuliwa una miezi minne ya kurudisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni. Baadaye Fomu Na. 6, hesabu ya mgawanyo. Nimekaa masjala miaka mingi, nimeona wasimamizi wakichukua Fomu Na. 4 wakaondoka nayo kama hati ya nyumba. Msimamizi si mwenye mali. Hata kodi ya wapangaji tangu siku ya mauti ni mali ya mirathi, nunua daftari leo uandike nani kalipa na lini.

Mahakama ya mwanzo inafaa kwenu kwa sababu Mzee alikuwa Mwislamu na aliishi Kiislamu. Mirathi ya dini na ya kimila inasikilizwa pale.

Na sasa nikuulize swali ambalo hukuliuliza: shamba la Muheza lilikuwa la nani?

Kijana wa Chumbageni

Shukrani sana mzee wangu. Shamba ni la Mzee, sote tunaliita shamba la Mzee. Ila sasa umenifanya nifikiri... mkewe alikuwa mtu wa Muheza. Nitauliza.

Ustadhi wa Mkwakwani

Mwanangu, nikueleze kwa utaratibu wa faraidhi, yaani sheria ya mirathi ya Kiislamu, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu.

Mtu akifa, kinachotangulia ni gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo mirathi. Warithi ni wenye mafungu maalumu yaliyotajwa, kama mume, mke, mama, binti, na baada yao asaba, wanaochukua kinachobaki. Mzee wenu hana hata mmoja katika wenye mafungu. Kwa hiyo yote ni ya asaba, nao ni wanaume wanaofika kwa marehemu bila kupitia kwa mwanamke. Wamepangwa: watoto wa kiume na wajukuu wa kiume kwao, kisha baba na babu, kisha ndugu wa kiume, kisha watoto wa kiume wa ndugu hao, kisha ami, kisha watoto wa kiume wa ami. Aliye karibu anamzuia aliye mbali.

Kwa ulivyoeleza, waliobaki ni watoto wa ami wa Mzee, yaani baba yako mkubwa na huyo wa Mombasa. Hao wawili wanagawana sawasawa. Wewe, kwa kuwa baba yako alikufa kabla, huna kitu, wanakuzuia ami zako. Baba yako mkubwa alisema kweli.

Lakini yote hayo yanasimama juu ya jambo moja: babu yako na baba yake Mzee wawe na baba mmoja. Kama ni ndugu wa mama tu, babu yako si ami katika mirathi, na watoto wake si asaba. Hapo, ikiwa hakuna asaba mwingine wa mbali zaidi upande wa baba, mali inakwenda kwa dhawil-arhami, jamaa wa nasaba waliopitia kwa wanawake. Na aliye karibu kabisa katika hao ni dada yako na mdogo wake.

Kwa hiyo lile neno la bibi si dogo. Ndilo lenye nyumba.

Mama wa Mikindani

Nimesoma nikalia. Mama yangu aliuguza mtu wa mumewe hivyo hivyo. Yaani aliyemsafisha kinyesi miaka sita hana kitu, na wa Mombasa aliyepiga simu siku ya Idi ana nusu ya nyumba? Ustadhi, nakuheshimu, lakini niambie dada huyu anakwenda wapi.

Ustadhi wa Mkwakwani

Binti yangu, uchungu wako una haki. Naomba unisikilize.

Mirathi haigawi shukrani. Inagawa kwa nasaba, kwa sababu nasaba ndiyo inayojulikana hata wanapokosana watu. Kwa shukrani kuna milango mingine miwili aliyoachiwa mwenye mali angali hai. Mmoja ni hiba, zawadi ya mtu angali hai: angempa chumba, akamkabidhi, akaanza kukitumia kama chake, basi kingekuwa chake hata Mzee akiwa kitandani miaka mitatu zaidi. Wa pili ni wasia. Asiyekuwa mrithi anaweza kuusiwa hadi thuluthi ya mali yote, na dada huyu, kwa kuwa si mrithi, ndiye hasa wasia uliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Mzee hakuingia katika mlango wowote, au sisi hatujajua kama aliingia.

Na upo mlango wa tatu wa warithi wenyewe. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 8, wameamrishwa kwamba jamaa, mayatima na masikini wakihudhuria mgawanyo wapewe kitu na waambiwe maneno mazuri. Wanazuoni wengi wanaona ni jambo la kupendekezwa, si fungu la kudai mahakamani. Lakini ni aya, si maoni yangu.

Zaidi ya hayo kuna madeni. Dada alitumia pesa zake kwa dawa? Kama alikuwa akitoa kwa nia ya kurudishiwa, ni deni, na deni linatangulia mirathi.

Bint Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Nataka kuonyesha jinsi jambo hilihili lingekuwa kwetu Kenya kama marehemu hangekuwa Mwislamu.

Sheria yetu ya urithi, Sura ya 160, kifungu cha 39, inasema mtu akifa bila wasia, bila mke wala mtoto, na wazazi hawapo, mali inakwenda kwa kaka na dada zake, na watoto wa wale waliotangulia kufa. Haijali kama ndugu ni wa kike au wa kiume, haijali mtoto wa dada au wa kaka. Kwa hivyo dada yenu na mdogo wake wangechukua vyote, na wale ami wasingeingia mlangoni. Wakikosekana hao ndipo wanakuja ndugu wa kuchangia mzazi mmoja, halafu jamaa wa karibu zaidi hadi daraja la sita, ambalo ni wajukuu wa ndugu wawili. Wakikosekana wote, mali ni ya serikali.

Waislamu sheria hiyo haiwahusu, wanakwenda kwa Kadhi, na Kadhi angesema kama Ustadhi.

Kwetu pia kuna barua ya chifu inayotaja jamaa wote. Nimeona familia ikivunjika kwa sababu mtu mmoja alikwenda kwa chifu peke yake asubuhi na mapema, akataja wale aliowataka. Kijana, usiende peke yako popote.

Mhaya wa Kamachumu

Na huku bara kwa Wakristo nako si rahisi. Shangazi yangu alikufa Dar, muumini wa kanisa, mwalimu mstaafu, hana mtoto. Upande mmoja ukataka mila, kanuni zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo kwa ardhi ya ukoo zinamweka mwanamke nyuma. Upande wa pili ukasema aliishi maisha ya mjini na ya kanisa, itumike ile sheria ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika kwetu, na hiyo haitofautishi wa kwa baba na wa kwa mama. Tulibishana miaka miwili juu ya swali moja tu: marehemu aliishi vipi? Mashahidi walieleza hata alikuwa akienda kumzika nani na wapi, na sikukuu alizila wapi.

Mambo ya ardhi ya ukoo yalianza kubadilika kwetu tangu Mahakama Kuu ya Mwanza ilipoamua mwaka 1990, kesi ya Holaria Pastory, kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume. Lakini kijijini habari hufika polepole.

Kijana wa Chumbageni

Nimerudi. Nimekwenda Muheza na nimekaa na yule ndugu seremala.

Wakuu, shamba si la Mzee. Mkewe alirithi kwa baba yake. Serikali ya kijiji wanalijua kwa jina la baba wa yule mama, michungwa ya zamani ilikuwapo tangu enzi zake, na mashahidi wa mipaka wapo hai. Mama yule alipokufa mwaka 2009 hakuna aliyefungua mirathi. Mzee aliendelea kuvuna, kijana akaendelea kumsaidia, na sisi tukaendelea kuliita shamba la Mzee.

Nikamuuliza, kwa nini hukusema siku ya kikao? Akasema, "Kaka, mimi nimelelewa. Mtu aliyelelewa haanzi kudai siku ya arobaini."

Karani Mstaafu

Nilijua. Mirathi nyingi za jamaa wa mbali zina mirathi nyingine ya zamani imelala chini yake haijagawanywa. Ndiyo sababu niliuliza.

Sasa fanyeni hivi. Mirathi ya mama ifunguliwe kivyake, jalada lake, msimamizi awe huyo mwanawe. Kwenye Fomu Na. 5 ya Mzee usiandike ekari nne. Ustadhi atakwambia uandike nini.

Ustadhi wa Mkwakwani

Mama alikufa akiacha mume na mtoto wa kiume, na kama wazazi wake walishatangulia, hesabu ni fupi. Mume anapata robo kwa kuwa mke ameacha mtoto. Robo tatu ni za mwanawe. Ndugu za mama hawana kitu, mtoto wa kiume amewazuia.

Kwa hiyo katika zile ekari nne, tatu ni za seremala tangu mwaka 2009. Mzee alikuwa na moja, na hiyo moja ndiyo inayoingia katika mirathi yake. Mtoto wa kambo harithi kwa baba wa kambo, hilo ni kweli. Lakini huyu alikuwa mrithi wa mama yake mwenyewe, na mmemkalisha kibarazani awapikie chai.

Kijana wa Chumbageni

Nimemwambia baba mkubwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema twende wote Muheza tukamwombe radhi. Tulikwenda. Hilo limekwisha salama, alhamdulillahi.

Limebaki lile la bibi, na hapa ndipo ninapoomba mniombee.

Mwenzenu nilitamani iwe kweli kwamba wale babu walikuwa wa baba mbalimbali. Sifichi. Nilikuwa nikilala nikiomba iwe hivyo, dada apate nyumba. Wala sikutafuta ushahidi kwa bidii.

Halafu juzi nikafungua sanduku la marehemu baba yangu kutafuta cheti chake. Ni lile la bati la rangi ya kijani, lina harufu ya udi uliokufa na karatasi za zamani. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kanzu, nikakuta hati imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa khati za Kiarabu. Mimi khati za Msahafu nazisoma, lakini ile mikono ya zamani inanishinda. Mwaka nikauona: 1371 wa Hijria.

Nikaipeleka kwa mwalimu wa madrasa, mzee mwenye miwani ya kufunga na uzi. Akaisoma taratibu, kidole kikitembea kutoka kulia. Ni Kiswahili, si Kiarabu. Ni hati ya kuuza minazi arobaini. Wauzaji ni wawili, babu yangu na baba yake Mzee, kwa majina yao na jina la baba yao, jina moja. Na kuna maneno haya, mwalimu aliyarudia mara mbili: "minazi tuliyorithi kwa baba yetu." Mashahidi watatu chini.

Baba yetu.

Usiku ule niliiweka hati chini ya mto. Hakuna mwingine aliyejua kwamba ipo. Mwalimu hawajui jamaa zangu. Nikafikiri, kama ningeirudisha ndani ya kile kitambaa, nani angeiuliza? Bibi amesema hajui. Ustadhi amesema bila baba mmoja nyumba ni ya dada. Nikamfikiria dada na ile miaka sita, nikamfikiria Mzee mwenyewe, ningemuuliza angesema nini. Sikulala mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikampelekea dada kwanza, kabla ya baba mkubwa. Niliona ndiye mwenye haki ya kuiona mbele ya wengine. Akaishika, akayaangalia maandishi asiyoyajua, akasema, "Basi wapelekee wenyewe. Mimi sikumlea kwa ajili ya minazi." Nikampelekea baba mkubwa mchana huohuo.

Mama wa Mikindani

Mwanangu, sijui niseme nini. Mungu akuweke.

Ustadhi wa Mkwakwani

Umefanya amana. Kwa hati hiyo, na kauli ya bibi kwamba mama yao ni mmoja, hao ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na ami zako wawili ni asaba bila shaka. Nusu kwa nusu.

Sasa nikuulize lililonikaa moyoni tangu mwanzo. Mzee alilala miaka sita, na ulimi wake ulikuwa ukifanya kazi?

Kijana wa Chumbageni

Ulikuwa unafanya kazi. Upande wa kulia ndio uliokufa, kusema alisema, ila polepole.

Ustadhi wa Mkwakwani

Basi hawezi kukaa miaka sita mikononi mwa mtu asitamke jambo juu yake. Waulize wapangaji. Waulize majirani. Wasia si lazima uwe karatasi. Mtu akitamka mbele ya mashahidi waadilifu, wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, unasimama kwa dini, maadamu hauvuki thuluthi. Lakini angalia maneno. Akisema "nimekupa" na akaendelea kukaa humo na kupokea kodi mpaka kufa, ni hiba isiyokabidhiwa, haipo. Akisema "nikifa ni chako", huo ni wasia.

Karani Mstaafu

Nikuongezee upande wa mahakama. Ushahidi wa mdomo unaleta maneno mengi. Ukikubaliwa na warithi wenyewe kwa maandishi, hakimu hana sababu ya kuupinga. Ukipingwa, jiandae. Kwa hiyo nenda kwa warithi kwanza, mbele ya sheikhe, andikeni.

Na zile risiti za dawa?

Kijana wa Chumbageni

Risiti zipo. Dada anazo kwenye mfuko wa rambo, za miaka yote sita, zimefifia nyingine hazisomeki, hata za vitambaa vya kujisaidia na mafuta ya kuchua. Nilimwambia tuzijumlishe tuziingize kama deni. Akakataa. Akasema alizihifadhi kwa sababu Mzee mwenyewe alimwambia azihifadhi, ili akipona amlipe. Nikamwambia, dada, hayo maneno ndiyo deni lenyewe. Bado anafikiria.

Na nimeuliza wapangaji.

Yupo mzee wa chumba cha mbele, fundi baiskeli, amekaa pale miaka kumi na nne. Alimsikia Mzee akisema, mwezi wa Ramadhani wa mwaka juzi, baada ya kufuturu: "Nikiondoka, chumba hiki ninacholala na kile cha uwani ni vya huyu binti, msimtoe." Nilimwomba ayarudie mara tatu, siku tatu tofauti, hakubadilisha neno. Waliokuwapo ni yeye, mama mpangaji wa chumba cha pili ambaye bado yupo na anasema hivyohivyo, na mama mwingine aliyekuwa chumba cha nne. Huyu wa chumba cha nne alihama. Wapangaji wanasema alikwenda Korogwe kwa mwanawe, hawana namba yake.

Vyumba viwili kwa sita. Mkiongeza ile ekari moja na pesa za benki, thuluthi haivukwi hata kidogo, ila nitamleta mthamini tuwe na hesabu ya uhakika.

Bint Kisauni

Na ami wa Mombasa anasemaje? Kama yuko Kisauni nimtafute.

Kijana wa Chumbageni

Ami nimezungumza naye kwa simu jana usiku, karibu saa nzima. Sikumwambia chochote kuhusu mashahidi mpaka nilipomaliza hesabu yote, fungu lake na la kaka yake. Akauliza, "Na yule mtoto wa dada yake aliyekuwa akimuuguza?" Nikamweleza. Akasema yeye hahitaji shahidi wa tatu, fungu lake lolote la vyumba vile ameshaliachia, na atakuja kuweka saini. Kisha akaniambia jambo nililokuwa silijui: kwamba kila mara alipopiga simu, Mzee alikuwa akimkabidhi simu dada, akimwambia "zungumza na macho yangu".

Baba mkubwa ni tofauti, nami simlaumu. Ana watoto saba na nyumba yake inavuja. Amesema, "Mimi sikatai wasia wa ndugu yangu. Lakini umesema wanaume wawili au mwanamume na wanawake wawili. Niletee huyo wa tatu aseme mbele ya sheikhe, nami nitasaini." Ni haki yake.

Mpemba wa Wete

Kijana, nimefuata uzi huu kimya tangu mwanzo. Kwetu Unguja na Pemba tungekwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wakatugawia, lakini hata wao wasingemtafuta huyo mama wa Korogwe. Hiyo ni kazi ya mtu. Alikuwa akifanya biashara gani? Waulize wauzaji wenzake, si wapangaji.

Kijana wa Chumbageni

Ahsante Mpemba, Mungu akulipe. Alikuwa akipika mihogo na kuuza shule ya jirani. Nilikwenda kwa wale kina mama wa pale getini, wa kwanza tu akatoa simu yake kwenye khanga akaniambia, "Huyu hapa, jana tumeongea."

Nimempigia. Kabla sijamaliza kueleza, yeye mwenyewe akayataja maneno ya Mzee, chumba anacholala na cha uwani, na akakumbuka walikuwa wamefuturu nini: tambi na mbaazi, dada ndiye aliyepika. Akauliza kama dada hajambo.

Mahakama imeshaniteua, na Fomu Na. 5 natakiwa kuirudisha ndani ya wiki tatu zijazo. Ekari moja, si nne. Nyumba, ikiwa na maelezo ya wasia wa vyumba viwili kama utathibiti. Risiti za dada tumezijumlisha jana usiku, zile zinazosomeka tu, amekubali.

Ami anawasili Ijumaa. Mama wa Korogwe anapanda basi la asubuhi Jumamosi, nimemtumia nauli kutoka mfukoni mwangu, si kwenye kodi ya nyumba, na nimeandika hivyo kwenye daftari. Nitakuwa stendi ya Kange saa nne kumpokea.